Kona ya Shamba: Viazi na karoti za kushindana

Mvua inaaga, udongo ungali laini, na mbele yetu kuna miezi ya ukavu. Huu ndio wakati wa kutayarisha meza yetu ya mavuno ya mwezi wa nane, ambapo kila kikundi kitaleta sahani mbili: viazi vya kizungu vitano na karoti tano. Wengi mnauliza mambo mawili. Mshindi atachaguliwa namna gani? Na je, hii si michezo tu ya watu wenye nafasi?

Kwa swali la kwanza, tutazame majirani. Zambia wana maonyesho ya Kitwe, na yale makubwa ya Lusaka yanayofanyika karibu na Siku ya Wakulima, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane. Tanzania wana Nane Nane, tarehe 8 ya mwezi huohuo. Kule Kenya chama cha maonyesho ya kilimo kilianzishwa mwaka 1901. Kwenye mashindano ya namna hii mwamuzi hatafuti kiazi kikubwa kupita vyote. Anatafuta vitano vinavyofanana kama watoto wa tumbo moja: ngozi safi, macho yasiyozama, bila kidonda wala tundu la mdudu. Jitu moja katikati ya vidogo vinne linaharibu sahani nzima.

Tuanze na viazi. Chagueni mbegu yenye ukubwa wa yai la kuku, iliyotoka kwenye shina ambalo halikunyauka. Iacheni ichipue mahali penye mwanga kidogo, kisha pandeni kabla mwezi wa nne haujaisha, sentimita 30 toka shina hadi shina. Msipande pale palipokuwa nyanya au biringanya, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko unabaki udongoni. Majani yakifika urefu wa shubiri, inulieni udongo, na baada ya majuma machache rudieni tena. Maji yawe ya kipimo kimoja kila mara. Shina likikaa na kiu halafu likafurikiwa, viazi vinapasuka au vinaota vinundu. Majuma mawili kabla ya kuvuna, kateni majani ili ngozi ikomae. Siku ya kuleta, osheni kwa kitambaa laini, msisugue, na mfunike. Mwanga unageuza kiazi kuwa kijani, na kiazi cha kijani kina sumu. Hicho hakifai mezani, na hakifai kabisa kwenye chungu cha watoto.

Karoti inataka subira. Haihamishwi: inapandwa palepale itakapokua. Chimbeni kwa kina cha sentimita 40, toeni mawe na mizizi yote, wala msitie mbolea mbichi ya ng'ombe au ya kuku, maana ndiyo inayofanya karoti iote miguu miwili. Changanyeni mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, funikeni tuta kwa majani makavu, na mwagilieni polepole mpaka zichomoze, siku 10 hadi 20. Zikisimama, ng'oeni za katikati zibaki na nafasi ya vidole vitatu. Mabega yakitokeza juu, yafunikeni na udongo yasiwe kijani.

Mwenye lupango kidogo asikate tamaa. Kule Uingereza washindani wanajaza pipa mchanga, wanatoboa matundu marefu kwa chuma, wanajaza kila tundu udongo uliochekechwa, wanatia mbegu chache na kuacha mche mmoja. Karoti inashuka moja kwa moja, ndefu na nyoofu. Hata ndoo ndefu iliyotobolewa chini inatosha. Lakini pipa liwe halikubeba mafuta wala kemikali.

Hapo tunafika kwenye neno zito kuliko zawadi. Kiazi na karoti vinakaa ndani ya udongo, na udongo wa Katanga si wote wa kuaminiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani za mji na kukuta shaba, risasi na kadmiamu, udongoni na hata ndani ya mboga. Sisi wa Kasumbalesa tunaishi kando ya barabara ya makamyo ya madini. Kwa hiyo msichote udongo kando ya barabara, kwenye maegesho, wala karibu na takataka za kiwanda, na msimwagilie kwa maji ya mfereji wa barabara. Kuosha na kumenya kunaondoa vumbi, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani. Udongo wa kichuguu kilicho mbali na hayo yote ni mzuri: una chokaa, nao unapunguza ukali wa udongo wetu mwekundu.

Ndiyo maana tunapendekeza sharti moja: kila sahani ije na maneno mawili ya mwenyewe, udongo ulitoka wapi na maji yalitoka wapi. Isiyo na jibu isipimwe, hata kama inapendeza macho.

Na swali la pili? Mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache tu, na kila mama anayepika hapa alijua vile chakula chetu kinategemea ng'ambo. Meza ya mavuno inatuonyesha nani kati yetu ana mbegu nzuri na namna nzuri ya kuitunza. Tunaomba kila kikundi kiweke pembeni viazi vidogo vya mashina yake bora, vigawiwe wengine vipande msimu unaofuata. Kombe linabaki kwa mtu mmoja; mbegu inaingia kwenye malupango mengi.

Juma hili, basi: tafuteni mbegu, chimbeni tuta la karoti, na mwulizane udongo wenu unatoka wapi. Karoti tutazipanda juma la kwanza la mwezi wa tano. Juma lijalo tutaongea juu ya wadudu na majivu ya makala. Mubaki salama.