Nani Abebe Mzigo wa Ushahidi?

 

Ndugu msomaji, mzazi mmoja ambaye kijana wake anasomea uandishi wa habari amenifikishia swali. Kijana amemwambia kwamba habari ileile ikimkashifu mtu, gazeti la London laweza kulipa fidia na la New York likaachiwa huru. Akauliza: "Ustadhi, haki gani hiyo yenye nyuso mbili?" Swali lake linatuhusu, kwani sheria zetu za kashfa hapa Afrika Mashariki zimerithiwa kutoka kwa Waingereza, na siku hizi kila mwenye simu mkononi ni mchapishaji wa habari.

Tofauti kubwa ya nchi hizo mbili ni moja: nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Nchini Uingereza, mtu akilalamika kwamba ameharibiwa jina, ni juu ya aliyeandika kuthibitisha kuwa alichokisema ni kweli. Mwaka 1996 David Irving alimshitaki mjini London mwanachuoni wa Kimarekani, Deborah Lipstadt, pamoja na wachapishaji wake, kwa kuwa alimwandika kuwa ni mkanushaji wa mauaji ya halaiki ya Mayahudi. Ilibidi upande wa Lipstadt ukusanye wanahistoria na nyaraka ili kuthibitisha maneno yake. Walishinda mwaka 2000, lakini baada ya miaka ya kazi na gharama kubwa. Tangu Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013, mlalamikaji naye hana budi kuonesha kuwa amepata madhara makubwa, na mwandishi aweza kujitetea kwamba aliandika kwa maslahi ya umma.

Wamarekani wamegeuza mzani. Mwaka 1960 gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la kuwaunga mkono watu weusi waliokuwa wakidai haki zao Kusini mwa Marekani. Ndani yake mlikuwa na makosa. Lilisema Martin Luther King alikamatwa mara saba, ilhali ilikuwa mara nne. L. B. Sullivan, kiongozi aliyesimamia polisi wa mji wa Montgomery, alishitaki ingawa hakutajwa kwa jina, na mahakama ya Alabama ikaamuru alipwe dola 500,000. Lau hukumu hiyo ingesimama, viongozi wa Kusini wangepata silaha ya kulifilisi kila gazeti lililosimulia dhulma zao. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua kwa kauli moja, ikisema kiongozi wa umma hawezi kulipwa fidia mpaka athibitishe kuwa mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kabisa kama ni kweli au si kweli.

Basi kila upande umeogopa jambo lake. Mwingereza amechelea mtu asiye na hatia asivuliwe heshima yake, na Mmarekani amechelea mwenye nguvu asimzibe mdomo aliyedhulumiwa.

Nasi Waislamu tunazijua khofu zote mbili. Katika Surat an-Nur, anayemtuhumu mwanamke aliyehifadhika bila ya kuleta mashahidi wanne huadhibiwa, na ushahidi wake haukubaliwi. Mzigo uko juu ya msemaji. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, tunafundishwa kuwa Allah hapendi ubaya kutangazwa hadharani, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Kwa hiyo kumsema dhalimu ili haki ipatikane si sawa na kumsema jirani ili baraza lipate kicheko.

Hata hivyo, sheria zote mbili zina pengo, na pengo hilo limetugusa. Zinamlinda mtu, au taasisi iliyotajwa. Jamii nzima ya waumini haiwezi kwenda kudai fidia ya kashfa. Novemba 2015 gazeti la The Sun la Uingereza liliandika ukurasa wa mbele kwamba Mwislamu mmoja kati ya kila watano nchini humo anawahurumia wanajihadi. Swali waliloulizwa watu lilihusu vijana wanaokwenda kujiunga na wapiganaji Syria, bila ya kubainisha wapiganaji gani. Waislamu hawakuwa na njia ya mahakama. Walilalamika kwa IPSO, chombo cha maadili kinachoendeshwa kwa ridhaa ya magazeti yenyewe. Machi 2016 chombo hicho kiliamua kuwa habari ile ilipotosha kwa kiasi kikubwa, na gazeti likalazimika kuuchapisha uamuzi huo. Huko Marekani hakuna chombo cha kitaifa cha namna hiyo. Kanuni za chama cha waandishi wa habari zinahimiza ukweli na kupunguza madhara, lakini utekelezaji wake umeachiwa dhamiri ya mwandishi.

Hapo ndipo jibu langu kwa mzazi yule. Mwanao asome sheria zote mbili, lakini asizifanye kuwa kikomo cha uadilifu wake. London na New York, ukweli ni kinga mbele ya hakimu. Kwetu sisi, Mtume (SAW) alibainisha kuwa kumtaja nduguyo kwa analolichukia, hali ya kuwa analo kweli, ndiko kusengenya. Na kama hanalo, umemzulia.

Basi tuanze majumbani. Ujumbe ukiingia kwenye kundi la familia ukimtaja binti wa fulani au sheikh fulani, kabla ya kuusambaza tujiulize: nani ameshuhudia? Kuna dhulma inayoondolewa kwa kuusema? Nikiambiwa nithibitishe, ninao ushahidi? Surat al-Hujurat imetuamrisha kupeleleza habari ya mtu fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Aliyesambaza asidhani kuwa mzigo ni wa aliyeandika peke yake.

Allah atuhifadhi na shari ya ndimi zetu na vidole vyetu. Wallahu a'lam.