TAMKO LA TAWI LA MANDAWA: KUULIZA HABARI ZA NDEGE SI KUPINGA MAENDELEO

*IDARA YA UENEZI, TAWI LA MANDAWA*
_Kwa wanachama wote, viongozi wa mashina na wananchi wa kata yetu. Soma mpaka mwisho, kisha mtumie mwenzako. Asiye na simu msomee._



Tangu juzi kundi letu limejaa vicheko. Kuna sauti inazunguka, ya mtu ambaye hatutamtaja kwa sababu ni mwenzetu na tutamwambia ana kwa ana. Anawacheka wenyeviti wa vitongoji waliouliza kwenye kikao kuhusu ndege za utafiti wa madini zinazoruka chini. Walichouliza ni hiki tu: zikija, nani atatuambia, na atatuambia lini? Mwenzetu akaja juu: ndege yenyewe hamjaipanda hata siku moja, leo mnalalamikia kelele zake! Mmekuwa Wazungu? Akamaliza kwa lile neno ambalo siku hizi linatupwa kama jiwe: *wapinga maendeleo.*

Tawi limekaa, limelijadili, na linajibu.

Kwanza tukubaliane na mwenzetu pale alipo na haki. Kelele za helikopta si msiba. Inapita, kuku wanakimbia, mtoto analia, mbuzi anakata kamba, dakika chache kimya kinarudi. Anga si mali ya diwani wala ya mwenyekiti wa kitongoji. Ina mamlaka yake, TCAA. Na madini yaliyo chini ya ardhi ni ya Jamhuri, sheria imesema hivyo na hatubishani nayo. Kama wale wenyeviti wangesimama wakasema ndege zisipite Mandawa, tawi hili lingekuwa la kwanza kuwakalisha.

Lakini hawakusema hivyo. Na anayecheka hajajiuliza ndege ile inatafuta nini.

Wazee wa Ruangwa na Nachingwea wanaikumbuka helikopta iliyokuwa imening'iniza duara kubwa kama ungo wa jini, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, kwa mistari iliyonyooka kama mtu anayelima matuta. Ule haukuwa mchezo wa rubani. Duara lile linatuma mawimbi ya umeme ardhini na kusikiliza yanavyorudi. Ili lisikie vizuri lazima lishuke, mita 30 hadi 50 juu ya ardhi, yaani kama minazi miwili ikipandana. Madini yanayopitisha umeme hujitokeza kwenye ramani kama taa usiku. Kinywe kinapitisha umeme. Nikeli inayokaa na salfaidi inapitisha umeme. Sasa jiulize Ruangwa ina nini, kina kinywe. Jiulize Ntaka Hill, Nachingwea, kulitafutwa nini, ni nikeli. Wale hawakupotea njia.

Kwa hiyo siku ndege ikishamaliza mistari yake, kuna mtu ofisini, mbali na hapa, anayejua kilicho chini ya mkorosho wako. Wewe mwenye mkorosho hujui. Baada ya miezi anakuja kijana na pikipiki, mstaarabu kabisa, shikamoo mama, shikamoo baba, anatafuta pori ekari kumi za kulima ufuta. Bei anayotaja kwako ni nzuri, maana wewe unauza pori. Yeye hanunui pori.

Hapo ndipo kelele zinapoumiza, ndugu zangu. Ule mngurumo ndio barua ya kwanza kwamba ardhi yako imeangaliwa, na barua hiyo imeandikwa kwa lugha ambayo hatukufundishwa kuisoma. Wenyeviti wale walitaka tu isomwe kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya ndege kufika.

Na wasidhani hadithi hii ni ya zamani. Wizara ya Madini yenyewe imetangaza chini ya mpango wake wa Dira ya 2030 kwamba inataka eneo la nchi lililofanyiwa utafiti wa kina kwa ndege litoke asilimia 16 lifike 50 ifikapo mwaka 2030. Ni jambo jema. Nchi isiyojua ilicho nacho huuza kwa kukisia. Lakini piga hesabu mwenyewe: kutoka 16 hadi 50, ndege zitapita juu ya nani? Si juu ya bahari. Zitapita juu ya vijiji, na vijiji vilivyokaa juu ya mwamba wenye kinywe visijifanye vitasahaulika.

Sasa tuje kwa Wazungu, maana mwenzetu ndiye aliyewaleta.

Kuna mji unaitwa Phoenix, Marekani. Septemba 2014 mamlaka ya anga ya serikali kuu ilibadilisha njia za ndege zinazoondoka uwanja wa mji ule. Kwenye ramani mistari ilisogea kidogo. Chini ya mistari watu waliamka asubuhi ndege ziko juu ya paa, kwenye mitaa ya zamani ambayo haikuwa na habari hiyo. Viongozi wa mji wakalalamika, wakajibiwa kitaalamu kwamba athari ni ndogo. Mwaka 2015 mji ukaenda mahakamani. Agosti 2017 Mahakama ya Rufaa kule Washington ikaupa mji haki. Sikilizeni moja ya sababu, kwa sababu ingeweza kuandikwa Mandawa: mamlaka ilijitetea kwamba ilishawaambia watu wa mji, kumbe iliwaambia watumishi wa ngazi ya chini wa idara ya uwanja wa ndege, wasio na uwezo wa kusema kwa niaba ya mji. Waliochaguliwa na wananchi hawakuambiwa.

Sisi huku tunalijua jambo hilo kwa jina lake. Linaitwa *"tulishamwambia mtendaji."*

Hatumsemi mtendaji vibaya. Mtendaji ni mwajiriwa, leo yuko hapa, kesho amehamishwa, na barua aliyopokea inabaki kwenye droo na ufunguo anao aliyeondoka. Kumwambia mtendaji si kukiambia kijiji. Kijiji kinaambiwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wenye kila mkazi aliyefikisha miaka 18, ambao sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka ufanyike walau kila miezi mitatu.

Mwenzetu akumbuke pia kwamba si lazima uende Marekani kuona kazi ya kutosikilizwa. Wangapi kati yetu wana mjomba au dada Kipawa, Kiwalani, Gongo la Mboto? Wanajua ndege kuliko sisi. Mazungumzo ya simu nao hukatika ndege ikipita, unaambiwa subiri. Mwaka 1997 wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walifanyiwa tathmini ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Kipunguni walikuwa bado wanadai fidia zaidi ya miaka 20 baadaye. Nyumba huwezi kuiendeleza, kuiuza huwezi, kuhama huna cha kuhamia, na ndege juu. Watu wale hawakupinga uwanja wa ndege. Walitaka kujua tarehe.

Na sisi wa Nachingwea na Ruangwa tuna somo letu la nyumbani ambalo ni kubwa kuliko yote hayo. Mwaka 1947 Mwingereza alikuja na mradi wa karanga. Kongwa, Urambo, Nachingwea. Alileta matrekta, akang'oa pori, akajenga reli kutoka Mtwara na kiwanja cha ndege Nachingwea, akaweka bandari. Wataalamu walikuwa wengi kuliko karanga. Mradi ukafutwa mwaka 1951, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ikafungwa na kung'olewa. Kama kuna mahali Tanzania ambako neno "wataalamu wameshaamua" linapaswa kuzua maswali, ni hapa. Bibi zetu walioilima ardhi hii wangeweza kueleza mvua ya huku inavyokuja na inavyokatika. Hawakuulizwa.

Tuseme pia la kwetu wenyewe, tusije tukaonekana tunawapigia wengine ngoma. Mkutano wa kijiji ukiitwa, wangapi tunakwenda? Mara ngapi umeahirishwa kwa kukosa akidi huku baraza la kahawa limejaa? Diwani akiuliza jambo tunamwacha peke yake, kisha tunasema diwani hafai. Na baadhi ya viongozi wetu, tuseme ukweli, wanaogopa kuuliza kwa kuwa wakiuliza jina lao halitarudi kwenye orodha. Tawi hili linawaambia: jina la mtu aliyeuliza swali la wananchi wake, sisi ndio tutalibeba.

Tofauti tunaiona wazi tukitazama tembo. Helikopta inapotumika kufukuza tembo mashambani huku kusini, nani alishawahi kuilalamikia? Inanguruma vilevile, inashuka vilevile. Lakini watu wanajua imekuja kufanya nini na imetumwa kwa ajili ya nani, kwa hiyo wanaipigia makofi na watoto wanaikimbilia. Basi asitokee mtu kutuambia wanakijiji wa Mandawa hawawezi kuelewa ndege.

*Tunachotaka kama tawi ni hiki.*

Kabla ndege ya utafiti haijapita, halmashauri ya wilaya ipeleke taarifa ya maandishi kwa diwani na kwa serikali za vijiji, ikisema ni ya nani, inatafuta nini, itaruka siku zipi. Taarifa isomwe kwenye mkutano wa kijiji na ibandikwe ofisini, siyo iishie kwenye droo. Kama ratiba inaweza kusogezwa, isogezwe wiki za mitihani na siku za mnada wa ufuta, watu wanapokuwa wamekusanyika maghalani na wanyama na mizigo. Matokeo yakitoka, wananchi waelezwe kwa lugha nyepesi ni maeneo gani yameombewa leseni, ili anayeuza shamba auze akijua anachouza.

Na leseni ikishatoka, kila kaya ijue kwamba Sheria ya Madini ya 2010 haimruhusu mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba ya mtu bila idhini ya maandishi ya mkaaji halali. *Ya maandishi.* Si ya mdomo, si ya kupewa soda. Ukiletewa karatasi usiielewe, usisaini. Ilete ofisi ya tawi, tutaisoma pamoja na tukishindwa tutatafuta anayeweza.

Hoja hii tumempa diwani aiwasilishe kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na tumemwomba ihakikishwe imeingia kwenye muhtasari, maana jambo lisiloandikwa kesho litakanushwa.

Wenyeviti wa vitongoji waliochekwa, tunawapa pole na tunawashukuru. Mwenzetu mwenye sauti, karibu ofisini Jumamosi saa 4 asubuhi. Njoo na hoja, chai ipo. Wanachama wengine wote saa 4 hiyo hiyo, na kila kiongozi wa shina aje na orodha ya kaya ambazo zimeshafuatwa na wanunuzi wa mashamba tangu msimu wa korosho uliopita: shamba liko wapi, ekari ngapi, aliyekuja alijitambulishaje. Majina ya wauzaji yasiwekwe kwenye kundi, yaletwe kwa karatasi.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi,*
*kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Mandawa.*