Barua ya wazi kuhusu belo lisilofunguliwa

Mheshimiwa Waziri,

Naandika juu ya belo la kilo 45 la mitumba, lililokazwa kwa mikanda ya plastiki, likashuka Mombasa, likalipiwa ushuru, likapanda lori hadi soko la Gikomba, Nairobi, na muda wote huo likabaki limefungwa. Nami nimo katika waliolipia mabelo ya namna hiyo msimu huu. Hasara niliyoipata sitakusimulia. Kila mwenye kibanda anayo yake. Ninalotaka kukuambia ni jambo moja tu: belo halifunguliwi mpaka limelipiwa, na kwa kuwa halifunguliwi, gharama ya kutupa nguo za watu wa mbali inamwangukia mchuuzi wa mwisho, ambaye hata hakuulizwa.

Vitabu vya forodha, Mheshimiwa, vina vifungu viwili. Cha 6309 ni cha nguo zilizovaliwa. Cha 6310 ni cha matambara. Walioviandika walijua kwamba nguo kuukuu ni kitu kimoja na tambara ni kitu kingine. Sasa tazama mikanda ikikatwa. Belo linafumuka kama unga uliotiwa hamira, mikono inaingia, na zile bora tunazoziita kamera zinaondoka kwanza: blauzi safi, jinzi isiyopauka, koti lenye vifungo vyote. Kisha bei inashuka siku hadi siku, mpaka linabaki lile fungu tunaloliita fagia. Humo mna shati lenye kola iliyokula jasho la miaka, suruali ya kubana iliyosagika mapajani, gauni lenye zipu iliyokufa, fulana ya mbio za hisani zilizokimbiwa mara moja katika mji ambao hatutaufika. Hayo ni matambara. Yameingia nchini kwa jina la nguo na kulipiwa kama nguo, na anayegundua udanganyifu huo ni mama aliyekopa kwenye chama ili alinunue belo. Ofisi yako ilikuwa na nafasi ya kugundua kabla yake.

Nitaambiwa natia chumvi. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets pamoja na Clean Up Kenya walikadiria kwamba nchi hii hupokea vipande zaidi ya milioni 900 vya mitumba kwa mwaka, na kwamba hadi nusu yake huenda ni taka. Waagizaji walikanusha, wakasema taka ni kidogo mno. Sina haja ya kuamua nani mkweli, maana pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kilichofungwa. Mwenye mamlaka ya kukifungua ni wewe. Kama waagizaji wanasema kweli, ukaguzi utawasafisha. Na kama hawasemi kweli, utatusafisha sisi. Mwaka 2019 ziliingia tani zipatazo 185,000. Kwa mzigo wa kiasi hicho serikali ilijua kuhesabu ushuru vizuri sana. Kuhesabu taka ndiko kulikoishinda.

Wala usidhani ni mitumba ile ile ya zamani. Nguo ya siku hizi hushonwa kwa ajili ya picha ya wiki hii, na kampuni kama Shein huweka sokoni maelfu ya mitindo mipya kila siku. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani sasa ni poliesta, yaani plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Bei ndogo ya nguo hiyo ililipwa na wengine: tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliwaporomokea mafundi na kuua watu 1,134, ilhali nyufa zilionekana siku moja kabla na wakaamriwa kurudi kazini. Nguo ya namna hiyo haina maisha ya pili. Ikifika kwetu inaishia ukingoni mwa Mto Nairobi, au inachomwa, na ikichomwa inadondosha matone meusi kama mfuko wa plastiki. Na mfuko wa plastiki, Mheshimiwa, tuliupiga marufuku Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Anayebeba nyanya kwenye plastiki ni mhalifu. Anayeleta plastiki kwa kontena, ikiwa na mikono na kola, anagongewa muhuri. Sheria yetu inatambua plastiki ikiwa na nyanya ndani tu.

Najua jibu ambalo washauri wako wamekwisha kuliandaa: huyu anataka mitumba ipigwe marufuku, watu wakose kazi na wanyonge watembee uchi. Hapana. Mwaka 2020 serikali ilisimamisha uagizaji kuanzia Machi hadi Agosti, na walioumia ni wachuuzi hao hao. Watakukumbusha pia kwamba nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kutunyima nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikakaza na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Yote ni kweli, na hayahusiani na ninachoomba. Kulifungua belo si kulizuia. Muuza samaki hukuonyesha mashavu ya samaki kabla hujatoa hela, na hakuna balozi aliyewahi kulalamika.

Ninachodai, basi, ni kwamba sehemu ya kila kontena ifunguliwe bandarini, matokeo yatangazwe kwa jina la mwagizaji, na gharama ya kuyaondoa matambara imrudie yeye. Ufaransa tangu mwaka 2007 huwatoza wauzaji wa nguo ada ya kushughulikia nguo zikishachakaa. Nguo ikipanda meli kuja kwetu, ada hiyo hubaki huko. Umewahi kuidai, Mheshimiwa? Au ni kawaida yetu sasa kwamba kila kilichoshindikana kwingine, kuanzia gari bovu na kompyuta iliyokufa hadi soksi yenye tundu, hupokewa hapa kwa risiti na shukrani?

Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yangali yanaingia. Kwa hiyo nakuomba uteremke Gikomba alfajiri, bila msafara, uchague belo lolote, nalo likatwe mikanda mbele yako. Ukikuta nguo, liandikie 6309. Ukikuta matambara, liandikie 6310 na umrudishie aliyelileta.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipa ushuru wa matambara, Gikomba