Gari la umeme la mtumba: Uliza limeishi wapi, si kilomita tu

MFANYABIASHARA wa soko la Kongowea, Mombasa, anayefuata maembe Kilifi huondoka alfajiri na kurejea kabla ya jua kuwa kali. Safari hiyo ni zaidi kidogo ya kilomita 50 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Kwa gari la petroli, hesabu yake ni ya pesa tu. Kwa gari la umeme la mtumba, anapaswa kwanza kujiuliza ikiwa atafika.

Petroli imewasukuma wengi kuanza kuyaangalia magari ya umeme yanayotoka Japan. Linalojulikana zaidi ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Wakazi wa Nairobi walilizoea kupitia teksi za Nopea Ride, zilizofanya kazi jijini humo kuanzia 2018 hadi 2022.

Sifa zake si za kubuni. Halina oili ya injini ya kubadilishwa wala plagi za kuchoka, na likichajiwa nyumbani usiku, gharama ya kila kilomita hushuka mno. Mwaka wa 2023, mamlaka ya kawi nchini Kenya, EPRA, ilianzisha bei maalumu ya stima ya kuchaji magari, na usiku bei hiyo ilikuwa nusu ya ile ya mchana.

Lakini gari hili haliuzwi kwa bei nafuu bure. Kinachochakaa ndani yake ni betri, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Jambo ambalo madalali hawalitaji ni kwamba uchakavu huo hautokani na kilomita peke yake. Unatokana pia, na mara nyingi zaidi, na joto.

Hili lilijulikana mapema, tena kwa uchungu, katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Mwaka wa 2012 wamiliki wa Leaf katika eneo la Phoenix, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, waligundua kwamba magari yao yasiyofikisha hata miaka 2 yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa betri. Waliokuwa wakiendesha magari hayo hayo katika miji ya baridi hawakuwa na malalamiko kama hayo.

Wamiliki walikwenda mahakamani. Nissan iliongeza dhamana ya betri dhidi ya kupungua uwezo, kwa miaka 5 au maili 60,000, yaani kama kilomita 96,000. Mwaka wa 2014 ikatangaza pia betri yenye mchanganyiko mpya wa kemikali unaostahimili joto zaidi.

Sababu yenyewe si ngumu kueleweka. Betri ya lithiamu hufanya kazi kwa kemikali, na kemikali huharakishwa na joto. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya mabadiliko mengi ya kemikali hukaribia kuwa maradufu. Ndani ya betri, mabadiliko hayo ni pamoja na yale yanayoila polepole, hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Kampuni nyingine, Tesla ikiwemo, huzungushia betri zao maji ya kupoza, kama rejeta inavyopoza injini. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina kitu hicho. Betri iko chini ya sakafu, imefungwa, na joto lake hutoka lenyewe polepole. Nissan iliweka upozaji wa maji katika Leaf ya kizazi cha 3 iliyozinduliwa 2025, na kwa mitumba ya leo hiyo bado iko mbali.

Baridi nayo ina makosa yake, ingawa ni ya aina nyingine. Katika theluji betri hutoa umeme kidogo na gari haliendi mbali, lakini hali ya hewa ikipata vuguvugu uwezo huo hurudi. Kilichochukuliwa na joto hakirudi.

Ndiyo maana mahali gari lilikoishi, na litakakokwenda kuishi, ni jambo la pesa. Wastani wa joto la Nairobi kwa mwaka ni kama nyuzi 19. Wa Mombasa ni kama 26, karibu sawa na Tokyo wakati wa Agosti. Kwa maneno mengine, betri iliyozoea Tokyo ikishushwa Mombasa itaishi Agosti mwaka mzima, pamoja na jua la kuegeshwa nje. Dar es Salaam ni hivyo hivyo. Arusha na Mbeya, kama Limuru au Nyeri, zina afadhali kubwa.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka Japan anaweza pia kuuliza lilikotumika huko. La kaskazini, kama Hokkaido, litakuwa limeihurumia betri kuliko la Okinawa. Achungulie chini yake hata hivyo, kwa kuwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma.

Sasa kwenye safari. Karatasi za Japan za Leaf ya kwanza, yenye betri ya uniti 24 za umeme, husema inakwenda kilomita 200. Kipimo cha serikali ya Marekani kwa gari hilo hilo jipya kilikuwa kilomita 117. Mnunuzi achukue cha Marekani, kwani ndicho kinachofanana zaidi na barabara halisi.

Kwenye dashibodi upande wa kulia kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri, mbali na vile vya chaji ya siku hiyo. Watu huvichanganya. Kijistari cha kwanza hutoweka baada ya betri kupoteza takriban asilimia 15, na kila kinachofuata huwa kama asilimia 6. Basi gari lenye vijistari vyote 12 linaweza kuwa limebaki na asilimia 86 tu, na lenye 9 huwa limekaribia au kushuka chini ya asilimia 72.

Asilimia 72 ya kilomita 117 ni 84. Mwenye maembe wa Kilifi hatafika nyumbani, na hapo hajapakia mzigo wala kuwasha kiyoyozi.

Leaf ya uniti 40, iliyotoka Japan Oktoba 2017, ilipimwa Marekani kuwa na kilomita kama 243. Ikibakiwa na asilimia 80 inakwenda takriban 194, na safari ya Kilifi inakuwa si tatizo. Ila nayo haina kipozeo. Mwaka wa 2018 wenye magari hayo Uingereza walilalamika kwamba wakilichaji kwa chaja za kasi mara kadhaa siku moja, betri hupata moto na gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji. Anayetegemea chaja za kasi Pwani atakutana na hali hiyo mara nyingi zaidi.

Mkulima wa Limuru anayeuza Nairobi amekaa vizuri zaidi. Kwake kuna baridi, safari ni fupi, na mzigo huteremka nao huku gari likirudishia betri umeme kidogo kwenye miteremko. Kupanda jioni hupanda mtupu. Asilijaze tu hadi asilimia 100 kabla ya kuteremka, kwani betri iliyojaa haina pa kupokea umeme huo.

Kuhusu ukaguzi, vijistari pekee havitoshi. Kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vyote 12 virudi, kisha baada ya wiki chache vinaanza kutoweka tena mbele ya mmiliki mpya. Kinga ni kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu iitwayo Leaf Spy. Huonyesha asilimia ya afya ya betri, tofauti kati ya seli zake, na idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa kasi. Baada ya hapo, jaribio la barabarani la kilomita 30 au 40 litaonyesha kama namba hizo ni za kweli. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Leaf za uniti 24 zinazouzwa sasa ni zile zilizokwisha kuwa nchini, na swali la lilikokuwa likiegeshwa miaka yote hiyo linamhusu mmiliki wa hapa, si wa Japan. La Nairobi lililokuwa likilala gerejini na la Mtwapa lililoshinda juani ni magari mawili tofauti, hata yakiwa na mwaka mmoja na kilomita sawa. Dhamana ya betri iliyotolewa Japan nayo isihesabiwe kuwa itavuka bahari na gari.

Aliyekwisha kununua bado ana la kufanya. Kinachoichosha betri zaidi ni kukaa imejaa pomoni juani. Achaji usiku ili ijae karibu na saa ya kuondoka, aegeshe kivulini, na siku za safari fupi aishie asilimia 80. Asiliache pia na chaji sifuri kwa wiki nzima.

Betri ikichoka kabisa, si lazima gari liwe banda la kuku. Ile ya uniti 24 imeundwa kwa vipande 48, na fundi anaweza kubadilisha vilivyo dhaifu au kuweka betri nzima iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Kazi hiyo ina umeme wa volti zaidi ya 300, unaoua, na si ya fundi wa kando ya barabara. Bei yake ijulikane kabla ya kulipia gari, na itolewe katika bei anayotaja dalali.