Msitume Tena Pesa Ng'ambo

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kamati ya kwaya yetu inakaa kuamua jambo moja: kuchanga shilingi 20,000 na kumtumia dada yetu aliyeko Marekani atununulie pedali ya pili ya gitaa. Kwenye kikao nitapewa dakika mbili, halafu mtu ataomba tufunge kwa sala. Ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikata. Nasema: msitume. Si kwamba dada yetu si mwaminifu, wala si kwamba pedali ni anasa. Msitume kwa sababu kitu mnachotaka kununua kule kiko hapa Kakuma, kwenye meza ya fundi redio, na sisi tunapita mbele yake kila siku tukienda kununua unga.

Kwa wasiopiga gitaa, nieleze kidogo. Pedali ni kisanduku kinachokaa chini sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga, sauti inabadilika: inakwaruza, inanguruma, au inarudi kama mwangwi. Sisi Wakongo tulilelewa na gitaa safi, linalotiririka kama la Docteur Nico au la Franco. Vijana wa leo wanataka pia ile sauti yenye ukali, hata kwenye nyimbo za kuabudu wanaitaka. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe naipenda mpaka majirani wanalalamika.

Ugomvi wangu ni juu ya njia tunayotumia kuipata.

Pedali yetu ya kwanza ilitugharimu shilingi 18,000 ukihesabu na kuituma. Kuna mama aliyechangia kwa kuuza sehemu ya mgao wake. Tulisubiri miezi saba. Ilipofika ilikuwa na chaja ya kule, ya volti 120, na jenereta tunayotumia hapa inatoa volti 240. Jioni ileile ya kwanza chaja ikatoa moshi. Kesho yake kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akatafuta chaja ya redio, ya volti 9 kama inavyotakiwa, akachomeka. Hakujua kwamba pedali nyingi zinataka hasi iwe katikati ya plagi, na chaja ile ilikuwa na chanya katikati. Pedali ikanyamaza. Kamati ikaandika kwenye daftari: imeharibika. Basi, 18,000 zikaishia kwenye neno moja.

Nikaomba niifungue. Papa Mwenyekiti akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni mashine ya wazungu, utaimaliza kabisa." Nikamjibu, "Papa, imeshakwisha." Akacheka, akanipa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mrundi pale soko la Waethiopia, ambaye siku zote anatengeneza redio na taa za sola. Akaweka mita yake, akagusa hapa, akagusa pale. "Kaka, hii dayodi ndiyo imekufa. Imekufa ikiilinda ingine yote." Akachukua taa ya umeme iliyoungua, ile ya mirija ya kusokota, akavunja kitako chake, akatoa dayodi nyeusi yenye maandishi 1N4007. Akalehemu. Pedali ikaamka. Kazi yote haikufika nusu saa. Pesa alikataa, nikamnunulia chai.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Akanyoosha kidole kwenye aisi ndogo ya miguu minane iliyokaa katikati ya bodi. Juu yake imeandikwa 4558. Akainama chini ya meza, akatoa bodi ya woofa iliyoungua, ya Kichina, ambayo mwenyewe hakuja tena kuichukua. Kwenye bodi ile: 4558. Tena zilikuwa mbili.

Nataka wasomaji mlielewe hilo vizuri. Aisi hiyo ya 4558 ndiyo iliyokuwa moyo wa Tube Screamer ya Ibanez, pedali iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo wapiga gitaa wa dunia nzima wanaililia mpaka leo. Na aisi hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye woofa zinazopiga kelele kwenye vibanda vya sinema na vinyozi vya hapa kambini. Tulimtuma mtu aende ng'ambo ya bahari kuchota maji, na kisima kiko nyuma ya nyumba.

Najua majibu ya kamati. Nimeyasikia yote, nami nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Hapa vifaa havipatikani." Havipatikani kwa yule anayekuja na orodha ya watu wengine. Hapo ndipo tulipopotea. Mwaka mmoja lilikuja shirika likafundisha vijana wetu kuunda vifaa vya sauti. Lilikuja na mifuko iliyokwisha kufungwa, kila kitu kimehesabiwa, na karatasi yenye namba za maduka ya Ulaya. Wiki mbili tukafurahi. Shirika likaondoka, kifaa cha kwanza kikafa, na hakuna aliyejua rezista ile ingepatikana wapi, kwa sababu hatukufundishwa kutafuta, tulifundishwa kufuata karatasi. Tangu siku hiyo vijana wanaamini kwamba umeme mdogo ni kitu kinachokuja kwenye mfuko.

Mimi nasema tugeuze: soko kwanza, mchoro baadaye. Nenda kwa fundi, uliza ana nini, kisha tafuta mchoro unaokubali hicho alicho nacho. Ukiambiwa mchoro unataka transista ya BC547 na fundi ana C1815 aliyoing'oa kwenye redio, usirudi nyumbani ukilia. C1815 itafanya. Ila angalia miguu: ukiishika upande bapa ukutazame, BC547 ina beisi katikati, na C1815 katikati ni kolekta, beisi iko mwisho kulia. Watu wengi wamebadilisha transista bila kubadilisha miguu, kisha wakasema cha hapa ni takataka. Takataka ilikuwa haraka yao.

Pedali yangu ya kukwaruza ina transista moja, hiyohiyo C1815. Ina rezista tatu: 2.2M kutoka kolekta kwenda beisi, 4.7K kutoka kolekta kwenda kwenye chanya ya betri, na om 680 kutoka emita kwenda ardhini. 2.2M sikuipata, nikaunga mbili za 1M, imetosha. Ina kapasita mbili za mikrofaradi 0.1, moja ya kuingilia sauti na moja ya kutokea, kisha dayodi mbili ndogo za 1N4148 zilizolala kichwa kwa mguu, kutoka kwenye njia ya sauti hadi ardhini, ndizo zinazokata vilele vya sauti mpaka ikwaruze. Mwisho kuna voliumu ya redio. Karibu vyote nilivipata kwenye redio mbili mbovu. Jeki za gitaa nilinunua kwa wauzaji wa vyombo vya muziki. Kisanduku ni kopo la mafuta ya kupikia ya mgao, nililolikata na kulikunja. Msicheke. Bati lile, ukiliunga na waya wa ardhi, linazuia ule mlio wa umeme unaoingia kwenye gitaa. Kisanduku cha plastiki cha bei ghali kisingefanya hivyo.

La pili: "Vifaa vya hapa ni feki." Hili lina ukweli, sitalikana. Transista bandia zipo, zinaandikwa jina moja na ndani ni kitu kingine. Anayetengeneza amplifaya kubwa anaumia sana, maana ya bandia haivumilii mzigo, inalipuka. Lakini pedali inakula mkondo mdogo mno, yangu haifiki hata miliampia moja. Transista isiyofaa kwa amplifaya ya kanisa inaweza kuimba vizuri kabisa kwenye pedali. Dawa ya feki ni mita. Mita nyingi za bei rahisi zina tundu la kupima nguvu ya transista, limeandikwa hFE. Nunua tano, pima zote, chagua. Muuzaji akikuona umekuja na mita, hata bei inabadilika. Na nani alituambia kwamba huko ng'ambo hakuna feki? Tofauti ni kwamba feki ya hapa naweza kumrudishia aliyeniuzia na kumwangalia machoni.

La tatu, ambalo ndilo linaloniuma: "Sauti haitakuwa orijino." Orijino ya nani? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins, na njia moja ya mashine yao ya studio ilikuwa imeharibika. Gitaa la besi la Grady Martin likatoka linakwaruza. Wakaliacha hivyohivyo, watu wakaipenda sauti, na baada ya hapo ndipo wakatengeneza kifaa cha kuiiga hitilafu ile. Hiyo ndiyo orijino yenu: kifaa kibovu ambacho mtu hakuona aibu kukitumia.

Na kama mnataka mfano wa kwetu, upo. Konono N°1 wa Kinshasa walitaka likembe zao zisikike juu ya kelele za mji. Hawakungoja maikrofoni kutoka mahali popote. Walichukua sumaku za magari mabovu wakajitengenezea. Sauti ikatoka chafu, inakwaruza, nao wakacheza na uchafu ule. Albamu yao Congotronics ilipofika Ulaya, wazungu ndio walioanza kuuliza sauti hiyo inapatikanaje. Mzee Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha kundi lile, hakuagiza orijino. Leo mtoto wa Kongo anakaa kambini anaagiza Marekani sauti ambayo babu yake aliitoa kwenye chuma chakavu. Hii ni aibu, nami naisema nikiwa ndani yake, kwa maana hata mimi nilipiga kura ya kutuma ile pesa ya kwanza.

Kuna ambavyo kweli havipo hapa, nisiwadanganye. Swichi ya kukanyaga yenye miguu tisa sijaiona kwenye soko lolote la kambi. Transista za zamani za jemaniamu, zilizokuwa kwenye pedali za miaka ya 1960, msizitafute. Lakini Nairobi ipo, na kwenye Nairobi kuna Luthuli Avenue, ambako vifaa hivi vinauzwa dukani kama maharage. Kwenda mwenyewe ni shida. Ni zaidi ya kilomita 700, na sisi hatutoki kambini bila kibali cha kusafiri. Kifaa hakihitaji kibali. Mimi nilimpigia muuzaji, nikamtumia pesa kwa M-Pesa, na mzigo ukapanda basi. Siku nne. Linganisheni na miezi saba. Na kabla swichi haijafika nilitumia swichi ya kawaida ya kunyanyua kwa kidole, nikawa naiwasha kabla ya kiitikio. Hakuna aliyekufa.

Sasa nataja kile ambacho kwenye kikao huwa hatukitaji. Hapa kambini tumefundishwa kungoja. Tunangoja mgao, tunangoja jina kwenye ubao, tunangoja simu ya mahojiano. Kuna kungoja ambako hatuna uwezo nako, na simlaumu mtu kwa hilo. Lakini tumezoea mpaka tunangoja hata vitu ambavyo mikono yetu inavifikia. Yule fundi Mrundi ana kazi miaka yote, ana mita, anajua kusoma bodi. Tulimpita tukamtumia pesa duka la ng'ambo ambalo halitujui, na kifaa kilipokufa tukarudi kwake, akatutengenezea kwa chai moja. Naona haya nikikumbuka.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili, na liandikwe. Shilingi 20,000 zichangwe, ndiyo, lakini zibaki. Tununue mita mbili na vyuma viwili vya kulehemu. Tuagize Luthuli Avenue swichi, jeki na rezista za kutosha pedali kumi. Kinachobaki tumlipe fundi, kwa heshima ya mwalimu, awafundishe vijana wanne kila Jumamosi: kupima dayodi, kusoma rangi za rezista, kujua miguu ya transista, na kutofautisha chaja yenye hasi katikati. Pedali ikiharibika, tutakuwa na watu wanne wa kuifungua. Na vijana hao hawatatengeneza pedali tu. Redio zinaharibika, taa za sola zinaharibika, na hizo zina wateja kuliko gitaa.

Atakayesema pedali ya kopo haiwezi kusimama mbele ya kanisa, nitamwomba asubiri kidogo. Jumapili hiyo nitakuja na kopo langu, na gitaa. Zile dakika mbili zangu sitazungumza, nitapiga. Halafu pigeni kura.