Kurasa Nilizozichana

"Msumbufu. Haketi." Ndivyo nilivyomwandikia mtoto mmoja wa darasa la 4 kwenye ripoti fomu, enzi nikifundisha shule fulani karibu na Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nikiandika hesabu kumi ubaoni, kabla sijaweka chaki chini yeye ashamaliza, yuko dirishani. Siku moja nikamnyang'anya daftari. Kurasa za nyuma zilijaa mistari ya penseli: trela zinazoshuka bandarini upande huu, zinazopanda Nairobi upande ule, kila kipindi na idadi yake, na chini kabisa amekokotoa wastani. Wastani hatukuwa tumeufikia. Nilizichana kurasa zile, nikamwambia daftari si la kuchezea.

Nimestaafu sasa, naishi hapa Voi, na kila ukizuka mjadala wa watoto wenye vipawa huzikumbuka karatasi hizo.

Sheria tunayo. Ile ya Elimu ya Msingi ya 2013 humtaja mtoto mwenye kipawa cha pekee katika kifungu kimoja na asiyeona na asiyesikia: wote wana mahitaji maalum. Vituo vya kuwatathmini watoto kama hao vilianza nchini 1984. Mimi mwenyewe nimemwandikia barua ya kwenda huko mtoto mzito wa kusikia, na mwingine aliyeinamia kitabu hadi pua iguse karatasi. Kwa wepesi wa akili sikumpeleka hata mmoja, wala simjui mwenzangu aliyewahi kumpeleka. Mzazi naye akiitwa shuleni huja akijua kuna kesi.

Kazi ya kuchagua tuliuachia mtihani. Tangu 1985 hadi 2023 ilikuwa KCPE. Matokeo yakitoka, mtoto aliyeongoza alibebwa juujuu na kamera nyuma yake. Lakini alama zile zilipima na ndovu pia. Wa mjini saa kumi na moja alfajiri alikuwa darasani akidurusu; wa vijiji vinavyopakana na mbuga ya Tsavo alingoja jua lichomoze, ndovu watoke njiani.

Siku hizi kuna KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025. Mtihani wenyewe ni asilimia 60, KPSEA ya gredi ya 6 ni 20, tathmini za shuleni 20. Afadhali, nakubali. Ila hiyo ni gredi ya 9. Yule wangu wa dirishani alikuwa na miaka 10.

Huko Broward, jimboni Florida, Marekani, waliacha kungoja mwalimu au mzazi apendekeze. Kuanzia 2005 wakawapima watoto wote wa darasa la 2, na watoto wa familia maskini waliotambuliwa wakaongezeka. Walikuwepo siku zote. Baadaye bajeti ikakatwa, mpango ukafifia (hata kwa matajiri, kumbe).

Sisi hatuhitaji bajeti kubwa kama hiyo. Mwalimu wa gredi ya 3 aandike kila mwaka, kwa kila mtoto, mistari mitatu: akimaliza kazi hufanya nini, huuliza nini, kurasa za nyuma za daftari lake zina nini. Kisha afisa wa tathmini azifuate karatasi hizo shuleni badala ya kuzingoja ofisini. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki, Voi hadi Kasigau na kurudi.