Kwani Giza Umelinunua?

Adabu ya muziki tunayo, walau kwa nadharia. Kila mtu anajua kwamba ukifungulia spika saa saba za usiku kando ya hema la mwenzako, mkosaji ni wewe, hata kama utakaidi. Nchi ina kanuni za kelele tangu mwaka 2015, NEMC imewahi kufungia baa kwa sababu hiyo, na kambi nyingi nilizolala zina ubao langoni ulioandikwa saa ya kuzima muziki. Taa hazimo kwenye ubao huo. Mtu anaweza kushuka na mita hamsini za taa za mapambo, akazizungusha kwenye hema, kwenye miti na juu ya gari, zikawaka zambarau, kijani na bluu mpaka alfajiri, na atakayelalamika ndiye ataonekana mchawi. Neno hilo nimelichagua. Kwetu anayetaka giza hushukiwa upesi kwamba ana lake jambo.

Hoja yangu ni fupi: taa ya mapambo kambini ni kelele. Inavuka mpaka wa sehemu yako, inaingia hemani kwangu bila hodi, na tofauti na muziki, haina wimbo wa mwisho.

Miaka ya karibuni sisi vijana wa mijini tumegundua kupiga kambi. Watu wa Dar wanakwenda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wanakwenda Lushoto, Mikumi, Kigamboni na kwingine, na mimi ni mmoja wao. Ni jambo jema. Tumeacha kudhani kwamba hema ni la watalii wa kizungu na wakimbizi. Lakini tulipoondoka mjini tuliubeba mji kwenye buti la gari. Taa za kumetameta zinauzwa Kariakoo kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai, paneli ndogo ya sola inazichaji mchana kutwa, na picha ya hema linalong'aa usiku inapata mapendekezo mengi kuliko picha ya hema lisiloonekana. Nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipo. Hema halipambwi kwa ajili ya wanaolala ndani yake, linapambwa kwa ajili ya watu walio kwenye simu, kilomita mia mbili kutoka pale.

Mwaka jana nilimchukua mpwa wangu wa miaka tisa kwenye kambi moja ya pwani, mwendo wa saa chache kutoka Dar. Sitaitaja. Mtoto huyu anazitaja sayari zote nane kwa mpangilio, na kwenye daftari lake la sayansi amechora Njia Nyeupe kwa penseli ya rangi, lakini hajawahi kuiona. Amezaliwa Mbagala, amelelewa Mbagala. Nilichagua usiku wa pili baada ya mwezi kuandama ili mbalamwezi isitusumbue. Tulikula mapema, tukatandika mkeka, tukalala chali.

Jirani zetu walifika saa mbili. Walikuwa kundi la watu kama kumi na tano, wachangamfu, na walitupa pole ya safari na mishikaki miwili. Kisha wakatandaza nyaya kutoka mvinje mmoja hadi mwingine, wakawasha. Sehemu yetu yote ikawa kama ukumbi wa harusi. Nikasubiri mpaka saa nne, nikaenda kwa aliyeonekana kuwa mwenyeji wao, wa rika langu.

“Kaka, samahani. Nina mtoto, tumekuja kuangalia nyota. Mnaweza kuzima zile za upande wetu, hata nusu saa tu?”

Akatazama juu kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. “Nyota si zipo tu, kaka?” Nilipomweleza, akacheka bila ubaya na kuniuliza, “Kwani giza umelinunua?”

Zilizimwa saa tisa usiku, betri zilipokwisha. Mpwa wangu alikuwa amelala tangu saa tano.

Nimelitafuna swali lile kwa miezi kadhaa, kwa sababu ni swali zuri kuliko alivyodhani aliyeliuliza. Hapana, giza sikulinunua. Hata yeye hakununua haki ya kulifuta. Sote wawili tulilipa bei moja kwa kipande cha mchanga cha kusimika hema, na vilivyozunguka mchanga ule, yaani upepo, sauti ya maji na usiku wenyewe, ni vya wote. Kitu cha wote kina kanuni moja ambayo hata watoto wa chekechea wanaijua: anayekitumia bila kukimaliza ana haki kuliko anayekimaliza. Mimi nikiangalia nyota simpunguzii yeye chochote, lakini yeye akiwasha ananimalizia zote.

Na zinaisha kweli. Jicho la binadamu linahitaji dakika ishirini mpaka thelathini gizani kabla halijafikia uwezo wake wa usiku. Mboni hupanuka upesi, lakini kemikali iliyo nyuma ya jicho, ile inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, hujijenga polepole. Taa moja nyeupe inaivunja kwa sekunde chache, kisha unaanza upya. Kwa hiyo anayeniambia “geukia upande wa pili” hajui anachoniambia. Taa zinazobadilika rangi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila zinaporudi kwenye bluu au nyeupe zinakurudisha mwanzo.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani, wakaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawaioni Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Nchi ambazo watu wake wameathirika kidogo kabisa zilikuwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Hili ni soko ambalo kwa mara moja sisi tuko mbele. Namibia wameshalielewa: hifadhi ya NamibRand ilipata cheti cha kimataifa cha anga lenye giza mwaka 2012, na wageni wanavuka bahari kwenda kuliona. Sisi tunalo na tunalifunika kwa taa za Krismasi mwezi wa saba.

Lakini sitaki ionekane kwamba ugomvi huu ni wa mtu na nyota zake. Pwani kuna wanaokufa. Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe zetu, Juani kule Mafia, Madete ndani ya Hifadhi ya Saadani, na kwingineko. Shimo moja huweza kuwa na mayai mia moja na zaidi, na baada ya takriban miezi miwili watoto hutoka, mara nyingi usiku. Hawana mama wa kuwaongoza. Wanachofanya ni kukimbilia upande ambao anga la chini ni jeupe zaidi, na kwa mamilioni ya miaka upande huo ulikuwa bahari, kwa sababu maji huakisi nyota na nchi kavu ina kivuli cha miti. Weka taa kwenye ile miti na umeipindua ramani yao. Wanatambaa kuelekea hemani kwako, wanachoka, kaa wanawabeba, na asubuhi jua linawamaliza waliobaki. Hata mama, akitoka majini kuja kutaga na kukuta ufukwe unawaka, mara nyingi hurudi baharini. Huko Florida, Marekani, maeneo mengi ya pwani yana sheria ya taa za ufukweni katika msimu wa kutaga. Sisi tuna mashirika kama Sea Sense yanayofanya kazi na wanavijiji kulinda mashimo, kisha anakuja mtu wa mjini na taa zake za siku ya kuzaliwa.

Msituni mambo si nafuu. Pugu-Kazimzumbwi ni moja ya misitu michache sana duniani anakoishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu sitini hivi, mwenye macho makubwa yaliyoumbwa kwa giza. Vimulimuli huitana kwa mwanga wao ili kupandana, na taa yako inazima mazungumzo yao. Na kuna yule mdudu anayeviringisha mavi, ambaye watafiti walionyesha mwaka 2013, kule Afrika Kusini, kwamba hutumia Njia Nyeupe kwenda moja kwa moja na tonge lake. Naona aibu kidogo kwamba mdudu wa mavi ana matumizi ya anga kuliko mhitimu wa chuo kikuu.

Nakuja kwenye usalama, maana hapo ndipo kila mjadala huu unapokimbilia. Wanyama, wezi, dada zetu wanaokwenda chooni usiku. Njia ya choo iwe na taa, tena ya kudumu, chini ya kiuno, inayomulika ardhi. Jiko liwe na taa. Kila mtu awe na tochi ya kichwani. Hizo ni taa za kazi na sina neno nazo. Ila taa ya mapambo haimlindi mtu. Kwenye kambi ile niliongea asubuhi na mlinzi, mzee wa makamo aliyekesha. Nilimwamkia, nikamuuliza usiku ulikuwaje. “Marahaba, mwanangu. Usiku wa taa nakuwa kipofu,” alisema. “Mimi nimesimama kwenye mwanga, aliye gizani ananiona, mimi simwoni.” Alisema usiku wa kawaida humwona mtu akiwa bado mbali ufukweni, kivuli tu juu ya mchanga mweupe.

Kuna hoja moja tu ambayo naiogopa, na aliyenipa ni rafiki yangu aliyekulia kijijini Shinyanga. Alisema kulipenda giza ni anasa ya mtu mwenye swichi. Aliyesoma kwa koroboi, akaamka na masizi puani, aliyezaliwa kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa mdomoni na mkunga, hana hamu na giza lako la kimahaba. Mwache awashe.

Ninamwelewa kwa sababu bibi yangu wa Newala alikuwa hivyo. Nguzo ya umeme ilipofika kwake, aliiacha taa ya barazani ikiwaka usiku kucha kwa wiki nzima, furaha tupu. (Wiki ya pili alielewa LUKU ni nini, akaanza kuizima saa tatu.) Nisingethubutu kumwambia neno. Lakini taa ile ilikuwa na kazi: ilionyesha nyoka, ilionyesha mgeni, ilisema hapa pana mtu. Na waliokaa naye gizani miaka yote hawakuwa wajinga wa usiku. Kilimia walikijua, na jina lake lenyewe limetoka kwenye kulima. Wavuvi wa pwani wanahesabu bamvua na maji mafu kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaelewa mwanga kuliko sisi sote: wanawasha taa ili kuwavuta samaki wavuni, na mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, kwa sababu bahari yote inang'aa na taa yao haivuti kitu. Wao wanajua taa ni mtego, ndiyo maana wanaiwasha kwa hesabu. Rafiki yangu ana haki ya kulichukia giza la umaskini. Ila watu waliowasha mivinje ile hawakutoka kwenye koroboi. Walitoka Masaki na Mbezi Beach, kwenye nyumba zenye jenereta.

Wenye kambi ndio ninaowalaumu zaidi kuliko wapambaji. Mpambaji hajui, na asiyejua huambiwa. Mwenye kambi anajua, maana analala pale kila siku, lakini anaogopa kumuudhi mteja wa kundi kubwa. Kazi yake si ngumu. Aandike kwenye ubao uleule wa muziki: taa za mapambo mwisho saa nne, rangi iwe ya njano iliyokolea au nyekundu, zifungwe chini na zimulike chini, zisionekane kutoka ufukweni wakati wowote. Au atenge pande mbili, wa sherehe na wa kulala, kama mabasi ya zamani yalivyotenga wavuta sigara. Naye anayekuja na taa, kabla hajawasha, apite hema kwa hema aulize. Tunapiga hodi tukiomba chumvi, hatushindwi kupiga hodi kwa hili.

Mimi nimeanza kuuliza kabla ya kulipa. Mwezi uliopita nilipiga simu kwenye kambi nyingine, nikamuuliza dada wa mapokezi kama wana utaratibu wowote wa taa usiku. Alicheka, akadhani nauliza kama umeme upo. Nilipomfafanulia akanyamaza kidogo, akasema atamuuliza bosi. Alinipigia jioni. Utaratibu hawana, alisema, ila kuna sehemu tatu za mwisho kabisa, baada ya mkondo, ambako umeme haujafika na watu hawazipendi. Wanazitoa kwa nusu bei. Nikamwomba aniandikie moja, usiku mbili, mwezi ukiwa haujaandama.